Nilialika Watu Waje Wasikie Damu

Buyenzi, Jumatano jioni. Mawingu yamekaa juu ya mji toka mchana na mvua haitaki kushuka. Joto la aina hii linafanya watu wagombane. Mi sina wa kugombana naye. Mwajuma amejifungia chumbani na vitabu vyake, na Idi hajarudi.

Wanaonisoma hapa wananijua. Mi ni mama wa kujisifu, sikatai. Niliishia darasa la sita, lakini nimezaa fundi ambaye watu wanaacha garaji za mjini kati wanakuja kumtafuta kwenye vumbi letu. Nimezaa pia binti wa chuo kikuu, huyo huyo aliyenifungulia ukurasa huu. Nimewahi kuwaandikia jinsi Idi alivyofufua basi ambalo wenyewe walishaliita chuma chakavu. Nimewaandikia pilau yangu mara ngapi sijui. Leo sina cha kujisifia. Lakini nikinyamaza nitapasuka.

Nianze na damu ya Riziki, kwa sababu ndiyo tuliyoanza nayo.

Idi alipokuja kuniambia anataka kuoa, alimtaja Riziki wa Kanyosha. Fundi wa kushona, Mwislamu, mpole, anasalimia kwa mikono miwili. Mama mwingine angeshukuru siku hiyo hiyo. Lakini watu wake ni wa Uvira, walivuka mpaka wakati wa vita na mabunda kichwani. Mama yake alifariki huko, amelelewa na shangazi. Mi nikasema, hawa hatuwajui. Sisi babu zetu wamezikwa hapa, kila mutu anajua nani alimzaa nani. Nilikuwa nasema sokoni, nasema msibani, nasema hata kwenye maulidi: damu yetu ni safi, yao nani ameipima?

Siku hizi hata imamu anawauliza wachumba kama wamepima kabla ya ndoa. Ni jambo zuri, silipingi. Wachumba wanaenda wawili, asubuhi, kimya kimya, kila mmoja anapewa majibu yake mkononi. Mi sikutaka hivyo. Mi nilimchukua Riziki bila Idi mpaka laboratwari, kama mutu anayepeleka ng'ombe kwa veterineri, na nyuma yangu nikaweka wanawake watatu wa mtaa wetu wawe mashahidi.

Nilikuwa nimemwambia asile kitu toka usiku, maana kipimo cha sukari kinataka tumbo tupu. Hiyo ni kweli, hata wenyewe wa laboratwari wanasema hivyo. Ila wanasema pia kwamba maji unaweza kunywa. Hilo la maji mi sikumwambia. Tukakaa kwenye benchi kungoja zamu, na sisi wanne tukafungua termosi tukanywa chai na mandazi pembeni yake. Alitazama ukuta.

Zamu yake ilipofika, nikaingia naye. Binti wa laboratwari aliniambia nibaki nje. Nikamwambia mi ndiye mama mkwe, na wenzangu nao wakasogea mpaka mlangoni.

Binti akamfunga mpira mkononi, akampapasa kwenye kiwiko, akagonga gonga kwa vidole. Mshipa hauonekani. Akachoma, damu haikuja. Akaichezesha sindano ndani kidogo, Riziki akauma mdomo, hakuna. Akahamia mkono wa pili. "Umekunywa maji leo, dada?" akamuuliza. Riziki akatikisa kichwa. Akachomwa tena, na tena haikuja.

Hapo ndipo nilisema lile neno. Niliwageukia wenzangu pale mlangoni nikasema, "Hata mishipa yake imezoea kukimbia."

Tulicheka. Wallahi tulicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

Damu ya Riziki ilipatikana mwishowe nyuma ya kiganja, ikatoka polepole. Kachupa ka kifuniko cha zambarau ka kuhesabu damu na kutafuta selimundu, ile inayoua watoto. Ka kijivu ka sukari. Kekundu ka ukimwi, kaswende na homa ya ini. Alipoinuka alipepesuka, na mi nikauliza kwa sauti kama huyo ataweza leba.

Shangazi yake anaitwa Faida, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mfupi asiye na haraka. Aliposikia, alikuja hapa kwangu kwa miguu toka Kanyosha. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni na mwavuli wake.

"Mama Idi, wetu mumemupima. Sasa na wenu apime, vile vile vyote."

"Wangu? We hujamuona? Yule anabeba injini peke yake."

"Injini haipimi damu."

"Atapima. Na mutakuja musikie wenyewe, hapa hapa, mbele ya watu."

Ndiyo, mi ndiye nilisema hivyo. Watoto wangu walipopata matokeo ya shule nilialika watu, tukasoma kwa sauti, tukapiga vigelegele. Nikaona damu nayo ni matokeo. Niliwaza siku hiyo kwa raha: kwanza isomwe ya Riziki na aibu yake ionekane, halafu isomwe ya Idi wanyamaze.

Nilikaanga sambusa. Nilitandika mkeka mpya saloni, tunapokaa na wageni. Walikuja wanawake wa mtaa, akaja shangazi Faida na Riziki, wakakaa karibu na mlango. Idi alikuwa amechukua majibu yake mwenyewe siku mbili kabla na hakuniambia kitu. Nikaona ni haya tu za kijana. Kwa kuwa karatasi zote zimeandikwa kwa Kifaransa, nilimwachia shangazi Faida asome, ili aibu itoke kwa mdomo wake mwenyewe.

Akasoma ya Riziki. Sukari iko vizuri. Damu inatosha. Selimundu hana, hata ile ya kubeba bila kuumwa hana. Ukimwi hana, kaswende hana, homa ya ini hana.

Niwaambie ukweli? Badala ya kufurahi kwamba wajukuu wangu wana mama mzima, nilisikia kama nimenyang'anywa kitu.

Nikasema basi, sasa ya Idi.

Idi alikuwa amesimama na sahani ya sambusa, anawahudumia wageni, vile nilivyomlea. Akasema polepole, "Mama, yangu tuache. Watu wale kwanza."

"Watakula na habari njema."

"Mama, nakuomba."

Nikacheka. Nikawaambia wageni, tazameni mwanaume wa Buyenzi anaogopa karatasi. Nikainuka mi mwenyewe, nikamtolea karatasi kwenye mfuko wa shati. Alikuwa na sahani mkononi, hakuweza kunizuia bila kuiangusha. Alinitazama tu. Nikampa shangazi Faida.

Akaanza na sauti ile ile ya darasani. Sukari, vizuri. Ukimwi, hana. Kisha akakwama. Akaweka kidole kwenye mstari, akausoma moyoni, akaurudia.

"Homa ya ini ya B," akasema. "Anayo."

Mmoja wa wale wenzangu watatu alikuwa ameuma sambusa. Aliitoa mdomoni akaiweka chini ya kikombe, akidhani simuoni. Mwingine akavuta mtoto wake toka karibu na Idi. Idi bado amebeba sahani.

Shangazi Faida akaikunja karatasi mara mbili, vizuri kabisa, akaniwekea kwenye magoti. "Tulikuja kusikia damu safi, Mama Idi," akasema. "Tumesikia." Kisha, akivaa viatu, "Vijana wa magari wanazunguka. Mungu ndiye anajua kaugonjwa hako amekaokota wapi."

Wakaondoka. Riziki aligeuka mlangoni akamtazama Idi, na mi nikaona ni dharau. Kumbe sijui kusoma hata macho ya mutu.

Toka siku hiyo ndoa imesimama, na mtaa umefunga mdomo mbele yangu na kuufungua nyuma. Kuna mteja alimwambia Idi asinywe maji kwa kikombe cha garaji. Mwanangu akaenda kununua chake, cha plastiki, cha bluu, akakitundika msumari peke yake. Mi nikiona kile kikombe natamani kulia.

Nikaenda kwa daktari, nimevaa vizuri, nikiwa na hasira. Nilitaka aniambie laboratwari imekosea. Daktari ni mtu mpole, alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema wamerudia kipimo, hawajakosea. Akasema ugonjwa huo hauji kwa kikombe wala sahani wala kushikana mikono. Unakuja kwa damu, kwa kulala pamoja, na kwa kuzaliwa. Mutu mzima akiupata, mara nyingi mwili unaufukuza wenyewe. Ule unaokaa miaka na miaka kimya, kama wa Idi, mara nyingi mutu ameupata akiwa mdogo sana.

"Mama," akaniuliza, "wewe umewahi kupima?"

Mi? Mi nimezaa watoto wawili bila operesheni. Sijawahi kulazwa. Nikamwambia hivyo.

"Ndiyo," akasema. "Unaweza kukaa nao bila kuumwa. Nyoosha mkono tu, tujue."

Nikanyoosha mkono kwa kiburi. Binti alikuwa yule yule. Alinikumbuka, niliona, lakini alifanya kazi yake bila neno. Mpira, pamba ya alkoli, sindano. Mshipa wangu mimi ulisimama wenyewe, mnene, damu ikajaa kachupa mara moja. Nikaiangalia, nyekundu, nzuri, nikasema moyoni, hii? Hii ina nini?

Leo asubuhi nimepewa majibu. Ninayo.

Mwajuma alipimwa naye, hana. Yeye alizaliwa chanjo imeshaanza kutolewa kwa watoto wachanga. Idi alizaliwa kabla. Daktari alinieleza taratibu, akanipa na maji. Akasema si kosa la mtu, akina mama wengi hawajui. Akasema kuna dawa ya kuutuliza kwa anayeihitaji, ila kwanza turudi mimi na Idi wapime maini yetu.

Kwa hiyo Idi hakuokota popote. Mi ndiye nilimpa, siku ile ile nilipomzaa, siku ninayowasimulia watu kila mwaka jinsi alivyolia kwa nguvu.

Nililia pale pale kwenye benchi. Halafu, na hii ndiyo tabia yangu, nilipofuta machozi nikaona nafasi. Nikasema nitaenda Kanyosha. Nitajitwisha mi mwenyewe aibu yote, nitasema ni damu yangu, kijana wangu ni msafi wa tabia. Watalia, nitalia, Riziki atarudi. Njia nzima nilijiona mama wa kusimuliwa.

Shangazi Faida alikuwa shuleni. Riziki alikuwa kwenye cherehani yake barazani, anashona yunifomu. Alinipa kiti, akaniletea maji. Nikamueleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza, alikata uzi kwa meno akaweka nguo pembeni.

"Mama, mi nilijua Idi hajaokota kitu," akasema. "Siku ile ile usiku alinipigia akanieleza ugonjwa wote. Na nilikwenda kwa daktari. Ugonjwa wa Idi una chanjo, nimeshachoma sindano ya kwanza."

Akakunja mkono wa gauni akanionyesha begani. Mi nikafungua mikono nimkumbatie.

"Ngoja, Mama. Sijamaliza."

Nikaishusha mikono.

"Nyumba yenu ni moja. Tungekaa chumba cha uani, mimi na wewe kutwa nzima, Idi yuko garaji. Ugonjwa nimeupatia sindano. Kukaa na wewe ndiyo sijui nichome nini."

Hakupandisha sauti. Alisema kama anayenipima kiuno.

"Siku ile laboratwari," akasema, "mulicheka juu ya kukimbia. Mama yangu alikufa tukikimbia. Sijamwambia Idi ulichosema, maana wewe ni mama yake. Nimemwambia tu siwezi. Yeye anafikiri ni damu yake. Hilo linaniuma, lakini sitamgombanisha na mama yake, sitaki hiyo dhambi."

Akarudi kwenye cherehani. Nikabaki na glasi. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani, kwa adabu, mikono nyuma. Angenitukana ningejua la kumjibu.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyesikia maneno ya Riziki. Idi angeendelea kuamini kwamba msichana ameogopa damu yake, mi ningempikia, siku zingepita, angepata mwingine, na huyo mwingine ningempima kwa adabu. Nilitembea toka Kanyosha nikiwaza hivyo. Wallahi niliwaza.

Lakini kile kikombe cha bluu.

Nikafika garaji. Idi alikuwa chini ya Toyota nyeupe, miguu tu inaonekana. Wenzake walienda kuswali alasiri. Nikakaa kwenye tairi.

"Idi, nimepata majibu yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Ni mi nilikupa. Wakati wa kuzaliwa."

Spana iliendelea kugeuka kidogo, kisha ikasimama.

"Najua," akasema kutoka chini.

"Unajua nini?"

"Daktari alinieleza siku aliponipa karatasi. Nilijua ni kwako."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini, Mama? Niseme mbele ya wale wamama kwamba ni wewe? Ndiyo maana nilikuomba tuache."

Kwa hiyo siku ile na sahani, hakuwa anajificha yeye. Alikuwa ananificha mimi. Na mi nikaingiza mkono mfukoni mwake.

Ningeishia hapo. Nikaendelea, maana nilijua nikiinuka kwenye lile tairi sitasema tena.

"Riziki hajaogopa ugonjwa. Amechoma chanjo. Amekataa kwa sababu yangu."

Akatoka chini ya gari. Uso una grisi, nywele zina vumbi. Akakaa chini palepale.

"Hiyo sikujua," akasema. "Ulimfanya nini?"

"Nilisema neno, laboratwari."

"Neno gani?"

Nikamuomba tuache. Sasa zamu yangu kuomba. Hakuniachia. Nikalisema, lote, kama nilivyolisema siku ile. Neno hilo kwenye mdomo wangu, pale mbele ya mwanangu, halikuchekesha hata kidogo.

"Na watu walicheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

"Mi ndiye nilianza."

Alichukua kitambaa akafuta vidole, kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Nilingoja anitukane. Mwanangu hajui kunitukana, nilimlea vizuri mno.

"Mama, nenda nyumbani, joto ni kali," akasema. "Kanyosha usirudi. Usimpigie. Usitume mutu, wala Mwajuma, wala imamu. Mi sijawahi kukuomba kitu kingine."

"Na kama nikienda kumwomba radhi tu?"

"Apana, Mama. Ukienda, utaongea."

Akalala tena kwenye kipande chake cha kartoni akajisukuma chini ya gari. Niliita jina lake mara moja. Akajibu, "Ndiyo, Mama," kama kawaida, na spana ikaanza kugeuka.

Sasa ni magharibi na hajarudi. Chakula nimekifunika. Nimeshaishika simu mara nyingi, na kila mara nimeirudisha mezani. Maisha yangu yote jambo likiharibika navaa viatu, naenda, naongea mpaka linyooke. Ndivyo nilivyowalea hawa wawili bila baba yao. Leo mtoto wangu ameniomba nikae, na sijui kukaa kunafanywaje.

Daktari ametupangia kupima ini kesho asubuhi, mimi na Idi. Idi ametuma ujumbe kwa Mwajuma: mi nitangulie, yeye ataenda siku nyingine.

Basi nitatangulia. Sitabeba termosi. Nitakaa kwenye benchi lile peke yangu, nikiitwa nitaingia, nitanyoosha mkono, na yule binti akiniuliza kitu nitamjibu alichouliza, halafu ninyamaze.